Saa ya Mkononi ya Kuvaa Jikoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Napika nyumbani kila siku, na kwenye shughuli kila nikiitwa: harusi, hitima, maulidi, mjini na shamba. Haipiti shughuli bila mtu kuitazama saa yangu ya plastiki na kuniuliza kwa nini sivai ya maana, au kunionesha ya kwake iliyoingia ukungu na kuuliza kama itapona. Maswali ni yale yale, nimeyakusanya hapa. Pale jambo lilipokwisha elezwa nimetaja namba ya swali, ili nisirudie.

## Mambo ya mwanzo

1. Simu ninayo. Saa ya mkononi ya nini jikoni?

Simu inataka kidole kikavu na safi, na jikoni hicho hukipati. Tui liko motoni, ukiacha kulikoroga litakatika. Mkono wa kulia una upawa, wa kushoto umeshika sufuria kwa kitambaa, vidole vyote vina bizari. Kwenye saa unageuza kifundo kidogo tu, umeshajua zimebaki dakika ngapi.

Halafu kuna umeme. Waliokuwepo Unguja kwenye kile kiza cha miezi mitatu, Desemba 2009 mpaka Machi 2010, wanakumbuka simu zikipelekwa kuchajiwa kwa mwenye jenereta. Saa ya betri ya kidonge haikuwa na habari. Tulipika kwa mwanga wa koroboi na tulijua wali umekaa motoni dakika ngapi.

2. Nipe jibu fupi: ninunue ipi?

Ya tarakimu, ya plastiki, nyepesi, iliyoandikwa 100M au 10 BAR (ndiyo kinga ya maji, swali la 5), yenye taima ya kuhesabu kurudi nyuma na taa ya kusomea kizani. Mimi navaa Casio AE-1200: mita 100, taima, alamu tano, na betri ambayo kiwanda kinaihesabia miaka 10. Anayetaka ngumu zaidi aitazame G-Shock DW-5600, yenye mita 200 na taima pia. Ila ni nene, na mwenye mkono mwembamba atakuwa anaigonga kwenye kila ukingo wa sufuria.

Bei kubwa haikuongezei kitu jikoni. Saa unayoionea huruma utaivua na kuiweka kabatini, na ikiwa kabatini haikuoneshi muda wa pilau.

3. Na ile F-91W ambayo kila mtu anayo?

Ni saa nzuri. Casio wameitoa tangu 1989, ina gramu 21 tu, na betri yake inakwenda kiasi cha miaka 7. Nimeivaa muda mrefu kabla ya hii ya sasa. Kwa jikoni ina upungufu: haina taima, ina stopwochi inayoishia dakika 60, kengele yake ni nyonge, na kinga yake ya maji ni ya matone ya mvua na kunawa mikono, basi. Kama ndiyo uliyonayo usikimbilie kununua nyengine. Jifunze kuitumia stopwochi yake (swali la 13) na uivue kabla ya kuosha vyombo.

4. Ya mishale au ya tarakimu?

Tarakimu, kwa anayepika vitu vinavyohesabiwa kwa dakika. Mshale wa dakika unauona vizuri ukiwa umetulia. Ukiwa unakimbia baina ya seredani mbili, ni rahisi kusahau ulianzia wapi.

Lakini kuna aina moja ya saa ya mishale ninayoisifu kwa moyo wote, ile iliyotengenezwa kwa wapiga mbizi, yenye pete inayozunguka pembezoni mwa kioo. Unapofunika sufuria, zungusha pete mpaka alama yake ya pembe tatu ikae juu ya mshale wa dakika. Baada ya hapo mshale wenyewe unakusomea kwenye pete: umefika 20, chakula kina dakika 20. Hakuna kubonyeza kitu, na inazungushika hata kwa vidole vyenye unga. Pete hiyo huzunguka upande mmoja tu, kwa makusudi: ikigongwa kwa bahati mbaya itakuambia muda uliopita ni mwingi kuliko ulivyo, wala haiwezi kukuambia ni mdogo. Kwa mpiga mbizi, hiyo ni hewa imehesabiwa kwa usalama. Kwa mpishi, ni kufunua sufuria mapema badala ya kukuta ukoko umeungua.

## Maji, mvuke na moto

5. Saa imeandikwa "Water Resistant 30M". Kwani si naweza kuzama nayo mita 30?

Hapana. Namba ile ni ya kipimo cha kiwandani: saa imetiwa kwenye mgandamizo ulio sawa na maji yaliyotulia ya kina hicho. Maisha hayajatulia. Mkono unapiga, kitufe kinabonyezwa, mpira unazeeka. Kwa mazoea ya watengenezaji wenyewe, mita 30 ni matone. Mita 50 inavumilia kuosha vyombo na kuogelea kidogo. Mita 100 ni ya kuogelea bila wasiwasi. Mita 200 kuendelea ni ya kazi za maji hasa. Kwa jikoni chukua 100. Si kwamba sufuria ina kina cha mita 100, ila oringi za saa hizo, yaani ile mipira myembamba inayozuia maji yasiingie, kwa kawaida ni bora, na jikoni oringi ndiyo inayoteswa.

6. Yangu ni ya mita 100, nimeogelea nayo baharini haikuingia tone. Mbona jikoni imeingia ukungu?

Hili ndilo swali ninalotaka kila mtu alisome, kwa sababu ndilo linaloua saa nyingi. Kinga ya maji hupimwa kwa maji ya kawaida. Mvuke wa sufuria ni kitu chengine. Unatoka na joto linalokaribia digrii 100, na mvuke ni mwembamba kuliko maji, hupenya mahali tone lisipopenya. Hata kipimo cha saa za wapiga mbizi cha ISO 6425, kinachojulikana kwa ukali, katika jaribio lake la kubadilisha joto huishia maji ya digrii 40.

Kisha angalia tunavyofanya. Mkono umekaa juu ya pilau dakika kumi, saa imepata moto, hewa iliyomo ndani imetanuka na nyengine imejipenyeza nje. Hapo hapo unakwenda mferejini kunawa kwa maji baridi. Saa inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na inavuta ilicho karibu nacho, yaani maji. Oringi iliyoanza kukauka haiwezi kuzuia mvuto huo. Usiku unaona vitone chini ya kioo.

Saa yangu ya kwanza ya mita 100 ilikufa hivyo kwenye harusi moja, na mimi niliilaumu saa. Kumbe nilikuwa nafunua sufuria la kuni kwa mkono ule ule wenye saa, tena nikiinama nalo kutazama kama maji yamekauka. Siku hizi nafunua kwa mkono mtupu, mfuniko nikiuelekeza mbali nami ili mvuke utokee upande wa pili, na sitii mkono wenye saa kwenye maji baridi mpaka niguse kioo nione kimepoa.

7. Ukungu umeshaingia. Nifanyeje?

Kwanza usivute kile kitufe cha pembeni ukidhani unaupa mvuke njia ya kutoka, unaufungulia mlango. Usiianike juu ya jiko, wala kuifukia kwenye mchele, kwani mchele haufiki ndani ya saa iliyofungwa. Ukungu ukiondoka wenyewe kwa saa moja mbili na usirudi, huenda ulikuwa unyevu uliokuwamo tangu ilipofungwa. Ukirudi kila unapopika, oringi haifanyi kazi. Ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo afungue mgongo, akaushe, atie oringi mpya. Ukichelewa wiki, ncha za betri zinaota kutu na saa haitofaa tena. Kama yaliyoingia ni maji ya chumvi, hesabu ni ya saa, si ya siku.

8. Joto la mkaa lenyewe linaidhuru?

Linaidhuru pole pole. Kwenye saa ya tarakimu utaona kioo kinapiga weusi kikipata moto mkali, kisha kinarudi kikipoa. Hiyo ni saa inakulalamikia, msikilize. Betri nayo hupungua umri. Ya chuma hubeba joto na kukuunguza: ukipalia makaa juu ya mfuniko wa mkate wa kumimina, mgongo wa saa ya chuma unaweza kukuachia alama. Kwa kazi ya kupalia, ivue au isogeze juu ya mkono.

9. Mkono upi, na uso uelekee wapi?

Mkono usioshika mwiko. Kwa wengi ni wa kushoto. Isogeze juu kiasi cha vidole vitatu kutoka kwenye kifundo, isiwe inateremka kwenye kiganja kila ukiinama.

Wako wanaougeuza uso wa saa upande wa ndani wa mkono, kuuepusha na michubuko. Naelewa sababu, lakini jikoni ni makosa: unapokoroga, upande wa ndani ndio unaotazama sufuria, kwa hiyo mvuke wote unapiga kioo. Na kama unavaa bangili, usizivae mkono mmoja na saa. Bangili za dhahabu zitakwaruza kioo cha plastiki mpaka tarakimu zisisomeke, na saa nayo itazikwaruza bangili.

## Mkanda na kioo

10. Mkanda wa nini unafaa?

Silikoni au plastiki. Vinaoshwa kwa sabuni na kukaushwa kwa kanga, vimekwisha.

Ngozi ni ya msikitini na harusini. Jasho, chumvi na tui vikishaingia ndani ya ngozi havitoki. Mwezi mmoja jikoni na mkanda unanuka samaki hata ukiwa umevaa kanzu mpya. Kitambaa cha nailoni kinapendeza na ni chepesi, ila kinakunywa mafuta. Mkanda wa chuma wa pingili una tabu yake: unga wa chapati unaingia kwenye viungo, unakaukia humo, na unang'oa vinyweleo vya mkono. Ukikanda kaimati nao, utatumia sindano nusu saa kuusafisha.

Plastiki nayo ina mwisho. Kwa unyevu wetu wa pwani, mkanda wa plastiki ukipita miaka kadhaa huanza kunata au kupasuka karibu na matundu. Mkanda ukishanata, ubadilishe. Ukikatika utakatika juu ya sufuria. Tazama pia zile pini mbili ndogo zinazoushika mkanda, maana hizo ndizo zinazoliwa na kutu la hewa ya bahari kabla ya chochote, na hazionekani.

11. Mkanda wangu mweupe umeingia manjano. Inatoka?

Inatoka, kwa jua. Usianze na sabuni ya mche: bizari ya manjano ikikutana na sabuni inageuka nyekundu kama damu, na wengi hapo hushtuka wakadhani wameharibu zaidi. Suuza, pitisha ndimu, wekundu utarudi kuwa umanjano. Kisha vua mkanda kwenye saa na uanike juani siku mbili tatu. Rangi ya manjano haivumilii jua, inafifia yenyewe. Saa yenyewe iache kivulini. Au nunua mkanda mweusi tokea mwanzo.

12. Niko Pemba, msimu wa karafuu. Kioo cha saa yangu kimekuwa kama kina moshi.

Mafuta ya karafuu hulainisha baadhi ya plastiki, na vioo vya saa rahisi vingi ni plastiki. Anayechambua karafuu kutwa, au anayeshika mafuta ya makonyo, vidole vyake vinaacha mafuta hayo kila anapogusa kioo. Ipanguse kwa kitambaa chenye sabuni kila jioni, au kwa msimu huo vaa yenye kioo cha madini. Moshi ulioshika ndani ya plastiki hautoki kwa kufuta. Fundi anaweza kukisugua au kubadilisha kioo.

## Kuhesabu muda

13. Taima na stopwochi si kitu kimoja?

Vinakwenda njia tofauti. Stopwochi inaanza sifuri na kupanda, na wewe ndiye unayepaswa kukumbuka kuitazama. Taima unaiambia dakika 18, inashuka mpaka sifuri na kukuita. Kwa mpishi mwenye watoto, wageni na mlango unaobishwa hodi, taima ni bora mara mia.

Mimi naitumia hivi. Wali wa nazi ukishakauka maji na nimeupalia, natega dakika 15. Mayai ya sambusa au ya biriani, dakika 10 tangu maji yachemke. Pweza wa kiasi namtazama dakika 45, kisha natega kumi kumi mpaka kijiti kipite bila ubishi. Unga wa mkate wa kumimina nautegea saa nzima uumuke, ingawa siku za joto kali unanitangulia.

Kama una stopwochi tu, ianzishe unapofunika sufuria na jiambie kwa sauti namba unayoingojea. Kwa sauti, hasa. Ukiwa na mtoto jikoni mwambie yeye, hatosahau.

Tui sikulitaja, kwa sababu tui halihesabiwi kwa saa. Tui linatazamwa.

14. Niiweke saa zetu au saa za kizungu?

Kwa muda wa mapishi haina tofauti, dakika 15 ni 15. Tabu iko kwenye alamu. Kila Ramadhani namsikia mtu aliyetega daku saa kumi alfajiri akaandika 10:00, akaamka jua limetanda. Daku ya saa kumi ni 4:00, tena hakikisha ni AM.

Kwenye saa ya mishale tumezoea kusoma namba iliyo mkabala: mshale mfupi uko kwenye 7, ni saa moja. Kwenye ya tarakimu, chagua mtindo wa saa 12. Ule wa saa 24 unakulazimisha kufanya hesabu mbili, 19:00 utoe sita, kisha kumi na mbili.

Wazee wengine huiweka saa yenyewe kwa hesabu yetu, isomeke 1:00 ikiwa saa moja. Inafaa sana jikoni, ila fahamu tarehe itakavyobadilika. Ukiirudisha nyuma saa sita, tarehe itageuka saa kumi na mbili asubuhi. Ukiipeleka mbele saa sita, itageuka saa kumi na mbili jioni, karibu na Magharibi, kama siku ya Kiislamu inavyogeuka. Kwa njia hii ya pili AM itakuwa usiku na PM mchana. Mama mmoja wa Mkoani aliyenionesha saa yake imewekwa hivyo aliniambia hajawahi kukosea siku ya kufunga.

15. Kengele siisikii. Jiko lina kelele.

Tafuta yenye mtetemo, au usogeze uso wa saa usiwe chini ya mkono mrefu wa nguo, maana buibui inaimeza sauti yote. Kwenye shughuli kubwa sitegemei kengele ya saa hata kidogo. Nasoma mwenyewe.

## Usafi, udhu na kazi

16. Kupika na saa mkononi si uchafu?

Ni uchafu kama hujui lini uivue. Chini ya mkanda kuna jasho, na penye jasho na mabaki ya chakula vijidudu vinazaana. Kuna kazi za kuangalia chakula na kazi za kutia mkono kwenye chakula. Za kwanza vaa. Za pili vua, bila kubishana: kukanda unga, kuchanganya nyama ya kababu, kusafisha samaki na pweza, kukamua tui.

Kukamua tui hasa. Ukikamua kwa mkono, kifumbu kinatoa tui mpaka kwenye kifundo, linapita chini ya saa na kurudi bakulini. Siku moja baada ya kukamua nazi nne niligeuza saa nikatazama mgongo wake: kulikuwa na utando mweupe umeganda kwenye maandishi yote, na chini ya utando mstari wa kijivu wa uchafu wa wiki. Tangu siku hiyo nimepiga msumari karibu na dirisha. Mbuzi wa kukunia nazi akishuka, saa inapanda msumarini.

Unaporudi kunawa, nawa mpaka juu ya kifundo, na saa yenyewe ioshe kwa sabuni kila usiku kama unavyoosha kisu. Ikiwa ni ya kinga ya matone tu, ipanguse kwa kitambaa kibichi.

17. Na udhu?

Maji lazima yafike kwenye ngozi. Vua saa, au kama imelegea isogeze mpaka maji yapite chini yake. Kwa mpishi kuna jambo la ziada: tazama kama chini ya mkanda hakuna unga uliokauka. Ule ukishika ngozi unazuia maji, na unahitaji kusuguliwa kabla ya kuanza udhu.

18. Nafanya kazi hotelini na tumekatazwa saa. Kwani wamekosea?

Hawajakosea. Jiko la biashara linalisha watu wengi wasiomjua mpishi. Kanuni za mfano za chakula za Marekani, zinazoitwa Food Code, zinamkataza anayetayarisha chakula kuvaa kitu chochote cha mapambo mikononi isipokuwa pete isiyo na nakshi, na hoteli nyingi duniani zinafuata mwendo huo. Nunua ile saa ya kubana kifuani inayovaliwa na wauguzi: inaning'inia kichwa chini ili ukiinamisha macho uisome sawa. Uliza kwanza kama inaruhusiwa, na ibane chini ya ukosi, isije ikaning'inia juu ya chakula.

## Betri, fundi na kutunza

19. Baada ya kubadilisha betri saa imeanza kuingia maji. Nimeuziwa betri mbovu?

Betri huenda ni nzima. Kilichokosewa ni oringi. Fundi akifungua mgongo, ule mpira mwembamba unaweza kukaa upande, kubanwa na kukatika, au kurudishwa mkavu na vumbi lake. Saa inafungika vizuri, inapiga, na haina kinga tena. Yalinikuta mimi: nililipa, nikaondoka nimefurahi, na jioni ile ile kuosha masinia kukaimaliza.

Kwa hiyo kaa hapo hapo mezani pake na umwombe kwa adabu: "Fundi, naomba uniangalizie na oringi, uipake grisi ya silikoni." Fundi mzuri hachukii kuambiwa hivyo, mara nyingi ameshaishika mkononi. Kama imebadilika umbo, mwambie atie mpya. Ni kitu cha bei ndogo.

Betri ya zamani usiiache kaunta ya jikoni. Mtoto akimeza betri ya kidonge inaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili tu. Ukishuku kameza, usingoje dalili, mkimbize hospitali wakati huo huo.

20. Nitajuaje F-91W si ya bandia?

Bonyeza kitufe cha upande wa kulia ukishikilie sekunde chache. Ya kiwandani huandika CASIo kwenye kioo. Baadhi ya bandia nazo zimefundishwa kuandika hivyo, kwa hiyo tazama na maandishi ya usoni kama yamenyooka na vitufe kama havichezi. Bandia inaonesha muda vizuri tu. Kinga ya maji ndiyo usiyoweza kuiamini.

21. Nakaa karibu na bahari, saa za chuma zinaniota kutu.

Geuza mgongo usome. Ikiwa imeandikwa "Stainless Steel Back", yaani chuma cha pua kwa mgongo tu, mwili wake mara nyingi ni shaba nyeupe iliyopakwa. Rangi ikibanduka, chumvi na ndimu zinaingia, na utaona kijani. Mwenye kuwashwa mkono akavaa hiyo huenda nikeli iliyo chini ya rangi ndiyo inayomwasha, plastiki itamponya. Chuma cha pua kamili kinavumilia, alimradi ukisuuze kwa maji matamu.

## Mambo ya pembeni

22. Saa janja je?

Ina taima nyingi kwa pamoja, na nyengine unaziambia kwa mdomo. Hilo ni jema mno. Lakini kioo chake cha kugusa hakisikii vidole vyenye maji au mafuta, mvuke wenyewe unaweza kukibonyeza, na nyingi zinataka chaji kila siku au mbili. Kama unayo, ifunge kioo kabla ya kupika, na majibu ya swali la 6 yanaihusu kuliko saa nyengine zote.

23. Nina saa ya babu, ya kutia ufunguo. Naweza kupika nayo?

Usipike nayo. Saa kongwe nyingi hazina oringi inayofanya kazi, na mvuke wa siku moja unatosha kutia kutu kwenye utepe wa ndani. Ivae sikukuu, baada ya chakula kupakuliwa.

24. Saa imetumbukia kwenye sufuria la mchuzi. Chakula kinalika?

Zima moto, itoe kwa upawa, uitazame kabla ya kufanya jengine lolote. Kioo kizima, mgongo umefungwa, vitufe vyote vipo, na ilikuwa imeoshwa: mchuzi uliokuwa unachemka uuchemshe tena, na uamuzi wa kula ni wako na unaowalisha. Mimi nyumbani nimekula; wageni sikuwapa. Kioo kimepasuka, au mgongo umefunguka na betri imeguswa na mchuzi: mwaga wote, hata kama ni changu ya asubuhi na nazi tatu. Vipande vya kioo havichujiki kwa kifumbu, na kilichotoka kwenye betri hakichemki kikaisha.

Saa yenyewe ifute, iache ipoe mezani bila kuitia maji, kisha iangalie kwa swali la 7.